Ana ugonjwa, hana tarehe ya kutoka

*Mahakama ikikubali kwamba mshtakiwa aliua akiwa mgonjwa wa akili, sheria ya Kenya inamweka kizuizini bila kikomo. Majaji wamelikataa jambo hilo. Bunge nalo lina kazi yake.*

Kila mfungwa anayeingia gerezani nchini Kenya huingia na karatasi ya mahakama. Pameandikwa jina lake, kosa lake na muda atakaokaa. Ofisa wa kumbukumbu huipokea, hutoa theluthi moja ya muda huo kwa matarajio ya tabia njema, kisha huandika tarehe ya kutoka. Mtu aliyemuua jirani yake kwa ugomvi wa mpaka wa shamba, akafungwa miaka 30, anaijua siku yake. Mkewe anaijua, na wanawe wanaihesabu.

Ipo karatasi nyingine ambayo ofisa huyo hawezi kuipigia hesabu. Ni ya mtu ambaye mahakama imeridhika kwamba alitenda aliloshtakiwa, lakini siku hiyo alikuwa mgonjwa wa akili kiasi cha kutojua anafanya nini, au kutojua kwamba ni kosa. Mahali pa miaka pameandikwa kwamba atazuiliwa kwa ridhaa ya Rais.

Sheria ya Magereza inamtaja mtu huyo waziwazi: yeye hapati punguzo la theluthi. Theluthi ya nini, na muda wenyewe haupo?

Kwa hiyo aliyeua akiwa na akili timamu ana tarehe. Aliyeua akiwa mgonjwa, ambaye sheria yenyewe inakiri kwamba hakuwa na nia mbaya, hana. Jambo hili limewafikisha wagonjwa na mawakili wao mbele ya majaji, na tangu 2016 majaji kadhaa wamekataa kuliacha lilivyo.

Milango miwili ya sheria

Kanuni ya Adhabu ya Kenya huanza kwa kudhania kwamba kila mtu ana akili timamu. Hicho ni kifungu cha 11. Kifungu cha 12 kinatoa nafasi kwa mgonjwa: ikithibitishwa kwamba ugonjwa ulimwondolea uwezo wa kuelewa alichotenda, hawajibiki.

Yanayofuata yamo katika Sheria ya Taratibu za Jinai, vifungu vya 162 hadi 167, na hapa ndipo familia nyingi huchanganyikiwa, kwa sababu kuna hali mbili zisizofanana. Kifungu cha 162 kinamhusu mtu anayeumwa siku ya kesi, asiyeweza kufuata kinachosemwa wala kumwelekeza wakili wake. Huyo kesi yake husimama kwanza. Kifungu cha 166 kinamhusu aliyekuwa anaumwa siku ya tukio, hata kama leo amesimama kizimbani ametulia na anajibu vizuri.

Huyu wa pili ndiye anayetolewa uamuzi maalumu: ana hatia, lakini alikuwa mwendawazimu. Mahakama inapeleka taarifa kwa Rais na kuagiza mshtakiwa awekwe chini ya ulinzi wakati wa kusubiri. Rais anaweza kuamuru apelekwe hospitali ya akili, gerezani au mahali pengine panapofaa. Baada ya miaka mitatu msimamizi wa mahali hapo anamwandikia waziri ripoti ili Rais aitazame, na baada ya hapo kila miaka miwili. Rais akipenda, anamwachilia.

Ukisoma utaratibu huo kwa makini utaona mambo mawili. La kwanza, miaka mitatu inahesabiwa tangu siku ya amri ya Rais, si tangu siku ya uamuzi wa mahakama. Faili likilala mahali njiani, saa haijaanza kwenda. La pili, toka mwanzo wa mnyororo huo hadi mwisho hakuna jaji. Hakuna siku mgonjwa anayoitwa asikilizwe, hakuna wakili anayesimama, hakuna daktari anayeulizwa maswali. Msimamizi asipoandika ripoti, mgonjwa hana pa kulalamikia ndani ya utaratibu wenyewe.

> Faili likilala mahali njiani, saa haijaanza kwenda.

Wakili anayemtetea mtu wa namna hii ana mtihani mgumu. Akithibitisha ugonjwa wa mteja wake, huenda akampeleka kwenye kizuizi kisicho na mwisho. Akiuficha, mteja anahukumiwa kama muuaji wa kawaida, anapata miaka, na angalau miaka huisha. Hali ni hiyohiyo katika rufaa: mtu aliyefungwa kwa miaka inayojulikana, akikata rufaa kwa hoja kwamba alikuwa mgonjwa, ushindi wake unaweza kumwondolea tarehe aliyokuwa nayo. Sheria inayomfanya mgonjwa aogope kusema ukweli kuhusu ugonjwa wake ni sheria mbovu.

Risasi ya Windsor

Maneno ya kifungu cha 166 yana asili, na asili hiyo haikuwa Nairobi wala Mombasa.

Machi 2, 1882, mtu mmoja aitwaye Roderick Maclean alimfyatulia bastola Malkia Victoria nje ya kituo cha reli cha Windsor. Alimkosa. Baraza la wazee wa mahakama lilimwona hana hatia kwa sababu ya wendawazimu, akapelekwa hospitali ya Broadmoor, ambako alikaa hadi kufa kwake mwaka 1921. Malkia alikasirika. Hakuelewa vipi mtu aliyeonekana na kila aliyekuwepo akifyatua risasi aambiwe hana hatia. Mwaka uliofuata, 1883, Bunge la Uingereza likabadilisha sheria: tangu hapo mtu kama yule angeambiwa ana hatia lakini ni mwendawazimu.

Mwaka 1914 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliulizwa kama aliyepewa uamuzi huo anaweza kukata rufaa. Ikajibu kwamba maneno yale, licha ya kutaja hatia, maana yake kisheria ni kuachiliwa, na aliyeachiliwa hana cha kukatia rufaa. Basi mtu akabaki na jina la mkosaji, akiwa amefungiwa, bila haki ya rufaa aliyonayo mkosaji.

Uingereza iliachana na hali hiyo mwaka 1964. Ilirudisha uamuzi wa kutokuwa na hatia kwa sababu ya wendawazimu na kumpa mhusika haki ya kukata rufaa. Mwaka huohuo, Desemba 12, Kenya ikawa jamhuri. Maneno ya 1883 yalibaki katika vitabu vyetu, na mamlaka yaliyokuwa ya gavana yakawa ya Rais.

Hata baada ya hapo Waingereza hawakusimama. Mwaka 1981 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilitoa hukumu katika shauri la mgonjwa aliyekuwa ameruhusiwa kutoka Broadmoor kisha akarudishwa kwa amri ya waziri. Mahakama ilisema chombo chenye hadhi ya mahakama lazima kiwe na uwezo wa kuchunguza kizuizi hicho na kuamuru mtu aachiliwe. Uingereza ikatunga Sheria ya Afya ya Akili ya 1983, na uwezo huo ukapewa mabaraza huru. Waliotuachia sheria hii waliitupa zamani.

Ndugu zetu wa Tanzania wana maneno ya haki zaidi. Sheria yao ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 219, inasema mshtakiwa alitenda kitendo, lakini hana hatia kwa sababu ya wendawazimu. Hata hivyo, baada ya uamuzi huo kumbukumbu za shauri zinakwenda kwa waziri, na mgonjwa huishia Isanga, taasisi iliyo Dodoma pamoja na Mirembe, hospitali iliyoanzishwa 1927. Kubadilisha jina la uamuzi peke yake hakutoshi, ikiwa ufunguo unabaki mkononi mwa mwanasiasa.

Meru, Kisumu na kilichofuata

Katiba ya 2010 ndiyo iliyowapa majaji wa Kenya nguvu za kuuliza. Kifungu cha 25 kinasema haki ya kutoteswa na kutotendewa ukatili au udhalilishaji haiwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote. Kifungu cha 160 kinalinda uhuru wa mahakama. Kifungu cha 50 kinataka kila mtu asikilizwe kwa haki.

Mwaka 2016, Jaji Kiarie Waweru Kiarie wa Mahakama Kuu mjini Meru alisema kwamba kumweka mtu kizuizini kwa ridhaa ya Rais, bila kikomo, ni adhabu ya kikatili na ya kudhalilisha, na kwamba kifungu cha 166 kinapingana na Katiba. Mwaka uliofuata Jaji John Mativo alifikia hitimisho kama hilo kuhusu watoto: Kanuni ya Adhabu iliagiza aliyetenda kosa la kifo kabla ya kutimiza miaka 18 azuiliwe kwa ridhaa ya Rais, naye akasema hilo haliwezi kusimama. Desemba 14, 2017, Mahakama ya Juu ikaondoa ulazima wa adhabu ya kifo kwa mauaji, kwa hoja kwamba kupima adhabu ni kazi ya hakimu na jaji.

Kisha ikaja hukumu ya Kisumu mwaka 2018, katika kesi ya mauaji ambamo mshtakiwa anatambulika kwa herufi S.O.M. tu. Jaji David Majanja alikuwa ameridhika kwamba mtu huyo alitenda na kwamba alikuwa mgonjwa. Alibaki na swali la nini kifanyike naye.

Majanja hakukitupa kifungu chote. Alisema kasoro yake ni kuichukua kazi ya mahakama na kuiweka serikalini. Kwa kuwa Jedwali la Sita la Katiba linataka sheria za zamani zisomwe kwa marekebisho yatakayozilinganisha na Katiba, alielekeza kwamba palipoandikwa Rais pasomwe mahakama. Ripoti za daktari zirudi kwa jaji. Jaji ndiye aamue kama mgonjwa aendelee kutibiwa ndani, au arudi nyumbani, na kwa masharti gani.

> Palipoandikwa Rais pasomwe mahakama.

Jaji Majanja alifariki Julai 2024. Miongoni mwa maamuzi yake mengi, hili halikupigiwa ngoma na magazeti, lakini kwa mtu aliye nyuma ya kuta za gereza akisubiri faili lake lisomwe, sioni hukumu iliyo kubwa kuliko hiyo.

Tatizo ni kwamba uamuzi wa jaji mmoja wa Mahakama Kuu haumfungi jaji mwenzake. Unamshawishi tu. Ndiyo maana baada ya hukumu hizo njia ziligawanyika. Wapo majaji wanaoagiza mgonjwa apelekwe hospitali na shauri lirudi mbele yao baada ya muda maalumu. Wapo wanaotaja idadi ya miaka, kama kwa mfungwa mwingine yeyote, ili kuepuka kizuizi kisicho na mwisho.

Nia ya kundi la pili ni njema, lakini naamini wamekosea. Ugonjwa haufuati kalenda ya mahakama. Mtu aliyepewa miaka 15 anaweza kupata nafuu katika miaka miwili, na 13 inayobaki ikawa adhabu tupu kwa mtu asiyestahili adhabu. Mwingine anaweza kumaliza miaka yake bado anasikia sauti zilezile zilizomtuma, na siku hiyo gereza litamfungulia lango bila dawa, bila ripoti, bila mtu wa kumpokea. Miaka iliyotajwa haimlindi mgonjwa wala jirani yake.

Wanaoogopa arudi

Upande wa mashtaka una hoja, na hoja hiyo haidharauliki. Mtu amekufa. Mara nyingi katika mashauri haya aliyekufa ni wa nyumba hiyohiyo: mama mzazi, mke, mtoto, kaka aliyekuwa amelala chumba cha pili. Familia imempoteza mmoja kaburini na mwingine gerezani kwa siku moja. Ukimwambia mzee wa boma hilo kwamba mwanawe amepona na anarudi, usishangae akinyamaza.

Wanakijiji nao wana kumbukumbu. Nyumba ilishachomwa, shamba limegawanywa, wadogo zake wameoa na kujenga pale alipokuwa akiishi. Chifu anajua kwamba akirudi bila maandalizi huenda akauawa yeye, au akakosa dawa kwa miezi miwili na mambo yakaharibika upya. Hofu hiyo ina sababu, kwa kuwa baadhi ya magonjwa haya hutulizwa kwa dawa ya kila siku au sindano ya kila mwezi, na dawa ikikatika ugonjwa hurejea.

Lakini itazame hofu hiyo kwa upande wa utaratibu wa zamani. Faili linapokuwa kwenye ofisi ya serikali, mjane aliyefiwa haitwi. Rais akitia saini, mzee wa boma anashtukia mtu amesimama uani. Mahakamani ni tofauti. Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 inaipa familia ya marehemu nafasi ya kusema. Afisa wa probesheni anatumwa kijijini kuuliza hali ilivyo nyumbani na kuandika ripoti. Daktari anaapa na kuulizwa maswali. Jaji anaweza kuamuru mtu aishi kwa mjomba kaunti nyingine, achomwe sindano katika zahanati fulani kila mwezi, aripoti kwa chifu, na arudi mahakamani baada ya miezi sita. Akivunja masharti, anarudishwa hospitalini.

Anayeogopa ana kinga zaidi mbele ya jaji kuliko mbele ya mhuri wa ofisi.

> Anayeogopa ana kinga zaidi mbele ya jaji kuliko mbele ya mhuri wa ofisi.

Kitanda kiko Nairobi

Amri nzuri ya jaji inahitaji mahali pa kutekelezwa, na hapa ndipo serikali ina deni kubwa.

Hospitali ya Mathari, kando ya barabara ya Thika jijini Nairobi, ilianza 1910 katika majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui. Hadi leo ndiyo tegemeo kuu la nchi nzima kwa wagonjwa wanaoletwa kwa amri ya mahakama, katika wodi zake zenye ulinzi mkali. Jamaa wa Mombasa anasafiri karibu kilomita 500 kwenda kumtazama mgonjwa wake. Wa Lodwar anakwenda mbali zaidi. Wengi huacha kwenda. Mgonjwa asiyetembelewa hana wa kumtafutia wakili, na siku akipata nafuu hana wa kumpokea.

Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti mwaka 2011 kuhusu jinsi mfumo mzima wa afya ya akili ulivyotelekezwa. Mwaka 2020 jopo kazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa janga la dharura la kitaifa. Sheria ya afya ya akili ilifanyiwa marekebisho mwaka 2022, na ikazitwika kaunti wajibu wa kutoa huduma hiyo. Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi alikifuta kifungu kilichokuwa kikimshtaki aliyejaribu kujiua.

Hizo ni hatua, na nazishukuru. Hata hivyo, jaji anapotaka kujua kama mtu amepona, anahitaji ripoti ya daktari wa magonjwa ya akili, na madaktari hao ni wachache mno na wengi wao wako mijini. Ripoti ikichelewa, shauri linaahirishwa. Mgonjwa anarudi rumande, miongoni mwa mahabusu wasiojua anaumwa nini na askari jela ambao hawakufundishwa uuguzi. Kizuizi kisicho na kikomo kilichofukuzwa na hukumu ya Kisumu kinaweza kurudi hivyo, ahirisho baada ya ahirisho.

Afrika imeshasema

Kenya haiko peke yake katika safari hii. Mwaka 2003 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua malalamiko ambayo watetezi wawili, Purohit na Moore, waliwasilisha dhidi ya Gambia kwa niaba ya wagonjwa waliofungiwa katika wodi ya akili huko Banjul. Sheria ya Gambia ya kuwazuilia wagonjwa wa akili, ya mwaka 1917, haikutoa nafasi ya kukata rufaa wala ya kizuizi kuchunguzwa upya. Tume ilisema hilo linavunja Mkataba wa Afrika. Wagonjwa wale hawakuwa wameshtakiwa kwa jinai. Wetu wameshtakiwa, na kwa hiyo wanastahili kinga zaidi.

Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilisema sheria haiwezi kumlazimisha hakimu kumpeleka gerezani mshtakiwa asiyeweza kuelewa kesi kwa sababu ya hali ya akili yake. Mwaka huohuo, Fort Portal nchini Uganda, Jaji Batema aliamuru kuachiliwa kwa mtu aliyekuwa amekaa gerezani miaka mingi akisubiri amri ya waziri, baada ya kuonekana hana hatia kwa sababu ya ugonjwa. Waziri hakuwa ameandika lolote.

Kazi ya Bunge na kazi ya jamaa

Hukumu ya jaji haiyafuti maneno yaliyo kitabuni. Wabunge ndio wenye kalamu hiyo, nao wanapaswa kuandika manne kwa lugha isiyoyumba: uamuzi uwe wa kutokuwa na hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili, mtu apelekwe hospitalini, si gerezani, kizuizi kichunguzwe na mahakama kwa tarehe inayotajwa siku ileile ya uamuzi, na mgonjwa apewe wakili na haki ya kukata rufaa kila mara uchunguzi huo unapofanyika. Kaunti nazo zitenge vitanda vyenye ulinzi, angalau kwa kila ukanda, ili Mathari isibebe nchi nzima.

Wewe msomaji mwenye ndugu aliyezuiliwa chini ya kifungu cha 166, usingoje Bunge. Nenda gerezani au hospitalini uombe nakala ya uamuzi na ripoti ya mwisho ya daktari. Peleka ombi katika Mahakama Kuu iliyo karibu, ukiomba kizuizi chake kichunguzwe upya. Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, ipo kwa ajili ya wasio na uwezo wa kulipa wakili. Na ukiwa huna wakili kabisa, kifungu cha 22 cha Katiba kinaruhusu mtu alete ombi kwa niaba ya mwenzake asiyeweza kujitetea, hata kwa barua ya kawaida. Kulifungua shauri hilo hakulipiwi ada.